Petroli Ilikwenda Mlimani

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepeleka watalii kreta ya Ngorongoro alisimamisha gari lake mbele ya nyumba yangu hapa Karatu, akaniita nikaone kioo. Si kioo cha kujitazama, bali kile kidogo kilichokaa nyuma ya usukani, kinachomwambia dereva gari limekunywa mafuta kiasi gani kwa kila kilomita. Alikibonyeza kwa fahari, namba zikabadilika. Nilimuuliza kama hicho kioo kinaijua barabara ya Mang'ola. Akacheka, akaniaga kwa heshima, akaenda zake akiamini kwamba uzee umenianza kichwani.

Kwa hiyo naandika. Ninyi wanangu mnaoshika usukani sasa, swali la gari kunywa lita ngapi mnaulizana mkiwa mmeegemea boneti, mkononi soda. Mimi niliulizwa kwa barua yenye mhuri, na jibu nililotoa nusura linipeleke ndani.

Nilikuwa dereva wa mradi mdogo wa maji ya vijiji. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Karatu ilikuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu, lami iliishia Makuyuni, na petroli ilikuwa kitu cha kuulizia kila asubuhi kama mgonjwa: leo imeamkaje? Ilikuja siku iliyotaka yenyewe. Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea bila kibali, na kwa macho yangu nilimwona bwana harusi amekaa ndani ya gari lililozimwa, anasukumwa na wasimamizi wake, kwa hoja kwamba gari linalosukumwa halitembei, linasukumwa.

Gari langu lilikuwa Pijo 404, stesheni wageni, yaani la mgongo mrefu na mlango wa nyuma, rangi ya maziwa yaliyolala. Nililipenda kuliko inavyofaa mtu mwenye mke kusema.

Barua ilitoka ofisi kuu ya mradi, Arusha. Ilisema kwamba kwa hesabu za daftari langu la safari, gari linakwenda kilomita saba kwa lita moja. Kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo kutoka kiwandani, kinasema kilomita kumi na moja. Nieleze kwa maandishi petroli inayopungua inakwenda wapi.

Nilikaa mezani nikafikiri. Mimi ni mtu wa darasa la saba na sipendi maneno mengi. Niliandika hivi: "Inakwenda mlimani." Nikatia sahihi.

Niliona nimejibu vizuri. Kumbe kule Arusha barua yangu ilipita meza hadi meza, wengine wakacheka, mmoja hakucheka. Jibu lake lilifika baada ya siku nne: nipeleke gari Arusha, nitapimwa njiani mimi na gari langu, na ikionekana gari linatoa kumi na moja, suala langu litakwenda polisi. Siku hizo neno mhujumu uchumi lilikuwa linatembea mitaani, na ukilipata halikutoki. Nilimpa mke wangu Theresia barua asome. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kweli, baba, huwa inakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Kama Theresia naye anauliza, hakimu je?

Nikaenda kwa Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Kondoa, dereva wa lori lililobeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha. Alikuwa mfupi kiasi kwamba ukiliona lori lake kwa mbali ungeapa linajiendesha lenyewe. Ndiye aliyenifundisha kazi miaka ya sabini, nilipoajiriwa mara ya kwanza, maana ofisi yangu ilinipa ufunguo na kunitakia kila la heri, basi.

Na nisijifanye malaika. Kuna wakati gari lilikunywa kwa makosa yangu mwenyewe. Nilianza kazi nikiwa na buti kubwa za jeshi nilizonunua mnadani, nikijiona dume. Mzee Shabani alipanda nami siku moja hadi Rhotia, akatazama miguu yangu safari nzima, barabara hakuitazama kabisa. Tulipofika akaniambia nivue. "Amsi," alisema, "mguu wako hauzungumzi na gari, unaligombeza." Nikarudi Karatu peku, na nilishangaa. Mguu mtupu unaisikia injini. Unajua inapoomba na unajua iliposhiba. Tangu siku hiyo niliendesha na katambuga, zile ndala za tairi, tena zilizokwisha soli.

Kosa jingine ni la viazi. Kwenye dashibodi ya magari ya zamani kulikuwa na kitufe cha kuvuta kinachoitwa choki. Asubuhi ya baridi unakivuta, injini inapata petroli nyingi, inawaka, unakirudisha. Mimi nilikiona kama msumari mzuri wa kutundikia mfuko wa chakula. Theresia alikuwa akinifungia viazi na maharage, chakula chenye uzito wake, na kila barabara ilipotikisa, mfuko ulivuta choki kidogo. Wiki tatu nilitembea nikitoa moshi mweusi, watoto wa shule wakiziba pua, mafundi wawili wakafungua kabureta na kuifunga bila kuona kitu. Mzee Shabani alifungua mlango, akatazama, akautundua mfuko, akala kiazi kimoja taratibu, ndipo akasema kwamba nimefungua bomba mwenyewe, halafu nazunguka kijiji kizima kuuliza maji yanakwenda wapi.

Lakini kosa ambalo watu wa Mto wa Mbu walinikumbusha kwa miaka ni lile la ndizi. Dereva mmoja alinidanganya kwamba pale kwenye mteremko mkali unaoshuka kutoka ukingo wa bonde hadi Mto wa Mbu, ukizima injini unashuka bure kabisa. Nikazima. Kona ya kwanza nilifurahi. Kona ya tatu breki zilianza kunuka, na ya tano pedali ilikuwa laini kama ugali usioiva. Nilifika chini kwa kasi ambayo Pijo ile haikuwahi kuifikia hata kwenye lami, nikaacha barabara, nikaingia shamba la migomba la mama mmoja aitwaye Anjela. Mgomba wa saba ndio ulionisimamisha. Mama Anjela alikuja na panga la kukatia majani, akachungulia ndani, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema sijaumia. "Basi shuka uchukue jembe," akasema.

Nilikuwa napanda mgomba wa nne lori la vitunguu lilipopita. Likasimama. Mzee Shabani akatoa kichwa, akauliza nimeokoa lita ngapi. Nikakadiria nusu lita. Akasema niendelee kulima mpaka jasho langu lijaze hiyo nusu lita, halafu akashuka akanisaidia migomba miwili. Alipokuwa anashindilia udongo aliniambia nisisahau kwamba mlima unashukwa kwa gia, haushukwi kwa bahati. Ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia, injini inalishika gari na petroli inayoingia ni kidogo sana. Ninyi mnaoweka fri, gari bila gia, pale kwenye mteremko, na najua mpo, tafuteni kwanza shamba la migomba la kuwapokea.

Basi siku ile ya barua nilimkuta Mzee Shabani amelala chini ya lori, anabadilisha springi. Nilimsomea barua pale pale, yeye akiwa bado chini. Nikamwambia pia ushauri niliopewa na madereva wenzangu: kwamba siku ya kipimo nivae zile buti, nikanyage kama naua nyoka, gia ya pili hadi injini ilie, gari linywe mpaka kitabu kione haya. Kwa njia hiyo nitaonekana mkweli.

Kisha miguu yake ikasogea, akatoka, akajipangusa mikono.

"Sasa hivi hujaiba kitu," alisema. "Ukilinywesha gari petroli makusudi ili uonekane mwema, hapo utakuwa umeiba kweli. Endesha kama nilivyokufundisha."

Nikamwambia hilo ndilo linalonitisha. Nikiendesha vizuri sana, huenda gari likakaribia namba ya kitabu, na ustadi wangu ndio utakaonifunga. Akakubali kwamba ni hatari. Akarudi chini ya lori.

Arusha nilimkuta Bwana Mwakalinga, mkuu mpya wa usafirishaji wa mradi, yule ambaye hakucheka. Mtu wa Mbeya, umri wa miaka thelathini hivi, mpole, suti ya mikono mifupi ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Kitabu cha gari alikuwa amekivika jalada la nailoni. Aliniambia bila ukali wowote kwamba yeye haamini watu, anaamini vipimo. Nikamjibu kwamba hata mimi naviamini, tena ningefurahi vikija huku kwetu kutembea.

Tulikausha tangi. Kisha akamimina petroli lita tano tano kwa kopo lenye alama, na kila mara aliingiza ufito mwembamba tangini, akautoa, akauchonga alama pale ulipolowa. Alichonga alama nane. Safari ilikuwa hivi: Arusha hadi Karatu siku ya kwanza, siku ya pili kwenda kukagua tangi la maji kwenye kijiji kimoja cha Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, na kurudi, siku ya tatu Mang'ola na kurudi Karatu. Lita arobaini. Nikaomba tubebe dumu la akiba. Akakataa kwa adabu. Alisema thelathini ndizo za kitabu kwa safari yote, na kumi ameziongeza kwa ajili ya shetani. Huko tunakokwenda nilimjua shetani mwenyewe, na haridhiki na kumi.

Nikaendesha. Wanangu, sijui kama nimewahi kuendesha vile tena. Matairi niliyajaza upepo asubuhi, keria ya juu ilikuwa tupu, Pijo ilikuwa imefanyiwa sevisi, na lami ya kwenda Makuyuni ilikuwa imenyooka mbele yetu. Nilikaa kwenye sabini, mguu haukuongeza wala kupunguza. Nikiona ng'ombe mbele naachia mguu mapema, gari linapungua lenyewe, ng'ombe wakishapita narudi polepole. Breki niligusa mara tatu tu. Tulipofika Makuyuni Bwana Mwakalinga alishuka, akaingiza ufito, akapiga hesabu juu ya boneti.

Kumi na moja na kitu.

Furaha ya kazi na hofu ya jela vilikaa kiti kimoja. Bwana Mwakalinga alinitazama kama mwenye huruma. "Dereva," akasema, "kitabu hakijasema uongo."

"Hakijasema, Bwana," nikamjibu. "Ila hakijamaliza kusema."

Lami ikaisha. Barabara ikawa vile vijituta vilivyojipanga kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, gari linaruka, tairi zinazunguka hewani bila kusukuma kitu, vumbi linaingia hata kwenye meno. Mto wa Mbu Bwana Mwakalinga alipendezwa na ndizi nyekundu, akanunua mikungu mitatu, akaifunga juu ya keria. Nikamwambia keria yenye mzigo inashindana na upepo, na upepo hauchoki. Akasema ni ndizi tu. Tukaupanda ule mlima wangu wa aibu kwa gia ya pili, kona za juu kwa ya kwanza, na juu kabisa akaomba tusimame. Akaingiza ufito. Akautazama. Akaugeuza akautazama upande wa pili. Kisha akasema labda ufito wenyewe umenyonya petroli.

Siku ya pili ndiyo iliyombadilisha, na si petroli iliyoanza, ni baridi. Aliyefika ukingoni mwa kreta asubuhi anaijua. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, bonde halionekani, na yeye alikuwa na mikono mifupi. Njiani injini ilianza kutoa moshi mweusi. Nikasimama, nikafungua boneti, nikakaza skrubu ya kabureta robo mzunguko. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba huku juu hewa ni nyembamba lakini petroli ni ileile, kama uji: ukipunguza maji bila kupunguza unga, utatafuna. Aliandika kwenye daftari, herufi zikitetemeka.

Kwenye tangi la maji alitupokea mzee wa Kimaasai aitwaye Parmet, msimamizi wa maji ya mifugo pale kijijini. Alimtazama Bwana Mwakalinga kutoka juu hadi chini, akasema anatetemeka kama ndama aliyezaliwa mvuani, akavua shuka yake moja nyekundu, akamfunika. Mwenyewe alibaki na nyingine. Ukaguzi wote ulifanyika hivyo, suti chini, shuka juu, viatu vinavyong'aa kwenye matope ya ng'ombe. Tulipomaliza, Mzee Parmet akasema anakwenda mnadani Karatu, yeye na kondoo wawili.

Bwana Mwakalinga alikuwa ametoa amri tangu Arusha: hakuna abiria, kipimo kitaharibika. Akafungua mdomo kusema hivyo. Kisha akajitazama shuka ilivyomkaa, akafunga mdomo, akanionyesha kwa kichwa nifungue mlango wa nyuma.

Kondoo walisafiri vizuri, isipokuwa mmoja wao alikipenda kitabu. Kilikuwa kimewekwa juu ya kiti, na tulipofika geti la hifadhi alikuwa amekwisha ng'oa ukurasa na kuumeza. Mzee Parmet aliona aibu sana, akauliza mnyama wake amekula nini. Bwana Mwakalinga akapekua kurasa zilizobaki.

"Amekula gia ya nne," akasema.

Nikamwambia asihuzunike, huku juu hatuitumii. Yeye hakucheka, lakini niliona mdomo ukihangaika.

Siku ya tatu tukashuka Mang'ola. Kule joto lilimpata, ile shuka, ambayo Mzee Parmet alikataa kuipokea tena, sasa akaifunga kichwani. Tulipofika akaingiza ufito: lita tano zimebaki. Alikaa kando akapiga hesabu yake, akarudi ametulia. Tano mara kumi na moja ni hamsini na tano, na Karatu ni hamsini na kidogo. Zinatosha.

Hapo wakulima wakaja. Pampu yao ilikuwa imerudi kufanya kazi, na walitaka kumshukuru mtu wa Arusha kwa kile walichonacho. Walileta magunia mawili ya vitunguu. Nilimwambia wazi kwamba lazima achague, vitunguu au kufika. Njia ya kurudi yote ni kupanda, mchanga kwanza, kisha mawe. Nilimwambia kitabu hakijawahi kubeba vitunguu. Alifikiri kidogo, akasema kukataa zawadi ya watu hawa ni kuwatukana, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa. Tukapakia.

Niliendesha kwa kila nilichojua. Nilizima injini tuliposimama kupisha mbuzi. Nilipanda kila kilima kabla hakijafika, kwa kasi ya bonde lililotangulia. Jua lilikuwa la utosini tulipofika karibu na Baray, katikati ya mwinuko, Pijo ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Bwana Mwakalinga akauliza kama imeharibika.

"Haijaharibika, Bwana," nikasema. "Imemaliza kutoa ushahidi."

Tukakaa kivulini mwa gari, kivuli chenyewe upana wa mkeka. Lori halikupita. Baadaye nikaona ng'ombe wanalima upande wa pili wa korongo, nikaenda. Mwenye shamba aliitwa Bura, ukoo mmoja na mama yangu, tukasalimiana "saita", salamu yetu ya Kiiraqw, na kuulizana habari za nyumbani zote, kwa sababu huwezi kumwomba mtu ng'ombe kabla hujamuuliza mama yake anaendeleaje. Akawafungua jembe, akaleta mnyororo na ng'ombe wanne.

Ndivyo tulivyoingia Baray. Bura mbele akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mimi kando nikisukuma, Bwana Mwakalinga kwenye usukani na shuka kichwani, ndizi nyekundu juu ya keria. Watu walitoka majumbani kutazama. Bura aliniuliza kwa Kiiraqw huyu bwana anafanya kazi gani. Nikamwambia anapima mafuta. Bura akawatazama ng'ombe wake, akalitazama gari, akauliza kama ameyapata.

Mwalimu mkuu wa pale alikuwa na pikipiki, na chini ya kitanda alikuwa na dumu dogo la petroli la siku ya shida. Akakubali kutupa kwa magunia yale mawili ya vitunguu. Kwa hiyo tulipata petroli na tukapunguza uzito kwa mpigo mmoja, tukafika Karatu jua bado liko juu.

Bwana Mwakalinga hakunawa hata uso. Alikaa mezani kwenye ofisi yetu ndogo, akafungua daftari. Mimi nilisimama mlangoni. Theresia alikuwa amekuja, amesimama nje dirishani, akijifanya anatafuta kivuli. Nilikuwa na neno moja kooni. Gari likivutwa, mita ya kilomita inahesabu vilevile, na yeye aliisoma tulipofika Baray, kwa hiyo zile kilomita za ng'ombe zilikuwa zinaongeza hesabu upande wa kitabu. Lakini nilihofia nikisema nitaonekana najitetea.

Yeye mwenyewe akainua kichwa. "Ng'ombe walituvuta kilomita ngapi?"

Nikasema nne hivi. Akaziondoa. Wakati ule nilijua kwamba mtu huyu si adui yangu. Aliamini vipimo kweli, hata vinapomgeukia.

Kutoka Makuyuni hadi pale petroli ilipokwisha, jibu lilikuwa sita na nusu. Alilipigia mstari. Nikasikia Theresia anashusha pumzi kule dirishani. Nikadhani yamekwisha. Lakini Bwana Mwakalinga aliendelea kuutazama ukurasa, akachukua daftari langu la safari, akaviweka pamoja, uso ukakunjamana upya.

"Dereva, mimi nimepata sita na nusu. Wewe kila mwezi unaandika saba. Hiyo nusu unaipata wapi?"

Wanangu, mwezi mzima nilikuwa natuhumiwa kwa petroli iliyopungua, na sasa natuhumiwa kwa iliyozidi. Nikavua katambuga moja, nikaiweka mezani mbele yake.

"Hii, Bwana," nikasema. "Na sibebi vitunguu."

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na Theresia akacheka dirishani, akasahau kwamba anatafuta kivuli. Kisha akaacha kucheka, akaniomba radhi, kwa maneno yaliyonyooka, mbele ya mke wangu. Si wakubwa wengi nimewaona wakifanya hivyo, kabla yake wala baada.

Aliandika ripoti usiku haujaingia, akanisomea. Alisema kila barabara ipewe namba yake: lami kumi na moja, mlima na vijiji sita na nusu hadi saba, na dereva asihukumiwe kwa barabara ambayo hakuijenga. Hapo nikajua kwamba barua kama yangu walikuwa wamepata madereva wengine wawili wa mradi, na mmoja wao alikuwa amekwisha kurudishwa kwao Singida. Baada ya ripoti ile huyo aliitwa tena kazini. Nilikutana naye miaka baadaye, hakujua hata jina langu. Sikumwambia. Angeniuliza habari za kondoo, na ningechelewa safari.

Asubuhi nilimrudisha Bwana Mwakalinga Arusha, tukiwa na petroli ya pipa letu la Karatu, imepimwa kwa ufito uleule. Tulipofika Makuyuni, lami ilipoanza, alipima tena, kisha akaomba aendeshe yeye. Nilikaa upande wa abiria, nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa: tazama mbali, achia mguu mapema, mwenye haraka mwache apite. Basi moja likatupita likipiga honi, yeye akasogea pembeni bila kinyongo. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko nilivyotarajia. Njia nzima alikuwa anaisikiliza injini.

Kwenye uwanja wa ofisi, Arusha, akashuka akaingiza ufito. Akapiga hesabu. Akaipiga mara ya pili, mara ya tatu akanipa mimi penseli nipige.

Kumi na mbili na nusu. Zaidi ya kitabu.

Nikampa hongera. Yeye akatazama madirisha ya ofisi, kisha akafunga daftari lake polepole.

"Amsi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, "hii hatuiandiki."

Nikamuuliza imekuwaje, mtu wa vipimo. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anawajua wenzake. Wakiiona namba hiyo, mwezi ujao kila dereva atatakiwa kutoa kumi na mbili na nusu, hadi mlimani.

Akauvunja ufito vipande viwili, akavitupa kwenye majani nyuma ya gereji. Kisha akakunja shuka yake vizuri, akaishika kwapani, akaingia ndani kuwasomea wakubwa wake namba nyingine zote, ambazo zilikuwa za kweli.